Kanisa lilikataa jeneza la baba mdogo. Hili katazo lilitoka wapi?

DadaWaNyakato

Wakuu, heshima kwenu.

Mwezi uliopita tulimzika baba mdogo. Alijiua. Naliandika hivyo kwa sababu nyumbani hakuna anayelitamka. Msibani ilikuwa "presha", kwenye tangazo la redio ikawa "amefariki ghafla", na watoto wake wameambiwa baba alianguka. Alikuwa fundi cherehani, sauti ya besi kwenye kwaya ya kigango. Tangu Pasaka hakuonekana mazoezini. Kwaya ikamwandikia faini ya utoro, basi, hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Mwili ulipotoka mochwari tulikuta mwenyekiti wa jumuiya ameshatutangulia na masharti yake: jeneza lisipite kanisani, kwaya isije na sare, kaburi lisichimbwe safu moja na babu na bibi. Paroko alikuwa safarini, na mpaka leo sijui kama aliulizwa. Tukamzika kwenye mpaka wa shamba, penye katani, giza likiingia, shemeji akasoma Zaburi kwa tochi ya simu. Majirani waliwazuia watoto wao kuja. Mama mdogo alikaa ndani, na shangazi mmoja alimwambia mbele ya watu kwamba mwanamume hafi hivyo kwenye nyumba yenye amani.

Wenye kujua nisaidieni. Hili limeandikwa wapi kwenye Biblia? Waislamu wao wanafanyaje, maana mume wangu ni wa huko na ndugu zake wamekuwa wakimya mno? Na kwa nini polisi walipomuuliza mama mdogo kama marehemu aliwahi kujaribu kabla, alikana, wakati mwaka juzi mimi mwenyewe nilikuwa kwenye gari tukimkimbiza hospitali usiku?

Nawasilisha.

Jembe_Butu

Pole dada. Ila niseme ukweli wangu. Mpaka ukiondolewa, watu watapita. Wazee walijua wanachofanya: mtu akijua hatazikwa kama wenzake, atafikiri mara mbili. Siku hizi kila kitu mnaita msongo wa mawazo.

KatekistaMstaafu

Binti, pole sana. Nimefundisha dini vigangoni upande wa Bukoba tangu kijana mpaka magoti yalipokataa baiskeli, na mazishi ya aina hii nimeyasimamia, mengine kwa ruhusa na mengine nikiwa nimeambiwa nisisogee sana. Najibu swali la kwanza. Jembe nitamfikia.

Kwenye Biblia halimo. Ahithofeli, mshauri aliyemwasi Daudi, alipoona shauri lake halikufuatwa alipanda punda wake, akaenda kwao, akatengeneza mambo ya nyumba yake, akajiua. Mstari huohuo, 2 Samweli 17:23, unamalizia kwa kusema alizikwa katika kaburi la baba yake. La baba yake, binti, si kwenye katani. Sauli naye alijiua vitani, na watu wa Yabesh-Gileadi walitembea usiku kucha kwenda kuuchukua mwili wake ukutani mwa adui, wakazika mifupa, wakafunga siku saba. Samsoni alijua vizuri kwamba ile nyumba itamwangukia na yeye, lakini Waraka kwa Waebrania umemweka kwenye orodha ya mashujaa wa imani. Tunayemkumbuka ni Yuda peke yake, maana ndiye anayenoga kwenye mahubiri ya Kwaresima.

Katazo lilikuja baadaye, na aliyelipa nguvu ni Mwafrika. Agostino alikuwa askofu wa Hippo, iliyo Algeria ya leo. Mwaka 410 Wagothi waliuteka mji wa Roma, na katika uvamizi ule wanawake wengi walibakwa. Baadhi walijiua. Waliobaki hai wakaanza kunyooshewa vidole, kwa sababu Warumi walikuwa na hadithi yao ya Lukresia, mke aliyebakwa akajiua, na vizazi na vizazi vilimsifu kama kipimo cha heshima ya mwanamke. Mwaka 413 Agostino akaanza kuandika kitabu chake cha Mji wa Mungu, na katika sehemu ya kwanza kabisa akasema: aliyebakwa hana hatia, kwa hiyo hana kosa la kujiadhibia, na amri ya "Usiue" inamlinda mtu hata dhidi ya mkono wake mwenyewe. Soma hapo taratibu. Hoja ilianza kama ngao ya wanawake ambao jamii ilikuwa inawasukuma wafe kwa aibu. Miaka mia na nusu baadaye ngao ile imeshageuzwa rungu. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Braga, huko Ureno, mwaka 561, ukaamuru aliyejiua asikumbukwe katika misa wala asisindikizwe kaburini kwa zaburi. Mwaka 693 Mtaguso wa Toledo ukamgeukia hata aliyejaribu akapona: atengwe na ushirika kwanza. Yaani mtu ametoka kwenye mlango wa kifo, na wa kwanza kumpokea ni kufuli.

Tomaso wa Akwino wa karne ya 13 nampita haraka. Alisema kujiua kunapingana na maumbile, kunaidhulumu jamii, na kunamnyang'anya Mungu kilicho chake. Seminari zote zinafundisha hivyo mpaka leo na sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni walivyolitumia kaburini.

Uingereza ndiko walikopitiliza. Mwili ulizikwa njia panda usiku, ukakongomelewa mti, na mali ya marehemu ikachukuliwa na mfalme. Wale wazee wa baraza waliokaa kuchunguza kifo walijua mjane na watoto watalala njaa, kwa hiyo kadiri miaka ilivyokwenda wakazidi kuandika kwamba marehemu alikuwa na wazimu, maana mwenye wazimu hakuhesabiwa mkosaji. Sheria ilibaki kali, wanakijiji wakajifunza kuikwepa kwa huruma. Mwaka 1823 Bunge likaondoa njia panda, lakini likaagiza mazishi yawe kati ya saa tatu usiku na saa sita, bila ibada. Mchana waliruhusiwa mwaka 1882. Kwa hiyo yule mwenyekiti ambaye masharti yake yaliwafanya mzike giza likiingia anadhani anatunza mila ya kwetu au ya Yesu. Hajui anatekeleza agizo la Bunge la London lililofutwa kabla babu yake hajazaliwa.

Nisiwasingizie Wazungu peke yao. Jirani zetu Waganda, kama alivyoandika mmisionari John Roscoe mwaka 1911, walimpeleka aliyejiua mbali, njia panda, wakamchoma, na mwanamke aliyepita pale alitupa nyasi au kijiti juu ili roho ile isimwingie ikazaliwa tena kwake. Watu wa mabara mawili, kila mmoja kivyake, na wote wakachagua njia panda. Hofu ni ya binadamu wote.

Sasa la kwetu Wakatoliki. Sheria za Kanisa za mwaka 1917, kanuni ya 1240, zilimnyima mazishi ya Kanisa aliyejiua kwa makusudi. Za mwaka 1983 zilipotoka, orodha ya wanaonyimwa iko kwenye kanuni ya 1184, na aliyejiua ameondolewa. Hayumo. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2282, inasema mateso makali ya akili, uchungu au hofu kubwa hupunguza uwajibikaji wa mtu, na namba 2283 inatukataza kukata tamaa juu ya wokovu wake, na inasema Kanisa linamwombea. Kina mwenyekiti walifundishwa na babu zao waliofundishwa na mapadri wa kabla ya 1983, na hakuna aliyerudi kuwaambia kwamba ukurasa umefunguliwa mwingine.

Jembe, hoja yako ilijaribiwa Ulaya kwa zaidi ya miaka elfu, kwa moto na kwa mti wa kukongomea. Ingefanya kazi, Bunge la Uingereza lisingehitaji kukaa mwaka 1823. Anayefikia hatua ile hapimi safu ya makaburi. Anayepima ni mjane. Na anayejifunza ni yule mwingine wa kwenye benchi la nyuma, ambaye naye halali usiku: anajifunza kunyamaza.

Chad Varah ni mtu ninayependa kumsimulia. Alikuwa mchungaji msaidizi kijana wa Kianglikana mjini Lincoln, mwaka 1935, na moja ya mazishi yake ya mwanzo yalikuwa ya msichana wa miaka 14 aliyejiua. Msichana alikuwa amevunja ungo, akaona damu, akadhani ameshikwa na ugonjwa wa aibu, na hakuwa na mtu wa kumuuliza. Hebu wazia: sentensi moja ya shangazi ingetosha. Varah hakumsahau. Novemba 1953, akiwa na kanisa dogo katikati ya London, St Stephen Walbrook, alitangaza namba ya simu kwa yeyote anayefikiria kujiua. Watu wakaja wengi mpaka foleni, na waumini wakajitolea kuwapikia chai wanaosubiri. Baada ya muda akagundua kwamba wengi wakishazungumza na wapika chai wanaondoka wakiwa wamepata nafuu, hawamhitaji tena mchungaji. Akawaachia wapika chai kazi. Ndiyo Samaritans ya leo, shirika la Uingereza la kuwasikiliza kwa simu watu waliozidiwa.

Kwaya yenu ilikuwa na watu wangapi, binti? Sisemi kwa kuwalaumu. Nasema faini ya utoro inapelekwa na mtu, na mtu huyo angeweza kukaa kidogo.

MwinyiWaPangani

Assalaam alaykum na poleni. Nichangie upande wa pili, maana kimya cha mashemeji zako nakifahamu. Wanaogopa waseme kitu kikuumize.

Kujiua ni haramu, na hadithi za onyo ni kali, sizifichi. Aya yenyewe ni Suratun Nisaa, ya 29: wala msijiue. Ila watu wanaisoma nusu. Inamalizika kwa kusema Mwenyezi Mungu ni mwenye kuwarehemu ninyi. Katazo na rehema vimekaa kwenye pumzi moja.

Kuhusu maiti, iko hadithi ya Jabir bin Samura katika Sahih Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa mtu aliyejiua, naye hakumswalia. Wengi wanaishia hapo, wanakuja msibani na neno "haswaliwi". Imam Nawawi aliyeisherehesha anataja kwamba Umar bin Abdulaziz na Awzai walichukua hivyo, lakini Malik, Abu Hanifa, Shafii na wanavyuoni walio wengi wamesema huswaliwa, na kwamba Mtume alijizuia yeye ili kuonya, Masahaba wakamswalia. Waislamu walio wengi wa pwani yetu hii, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, wanafuata madhehebu ya Shafii. Kwa hiyo huoshwa, huvishwa sanda, huswaliwa, huzikwa makaburini pamoja na Waislamu wenzake. Kwetu sheikh mkubwa anaweza akajiweka kando, lakini akijiweka kando humtuma mwanafunzi wake asimamie. Hajawahi mtu kuachwa.

Na kuna hadithi nyingine, humohumo Sahih Muslim, haisomwi sana. Tufayl bin Amr alihama kwenda Madina pamoja na mtu wa kabila lake. Yule mtu akaugua, maumivu yakamshinda, akajidhuru mikono yake, akafa. Tufayl akamwota yuko katika hali nzuri ila mikono kaifunika. Akamuuliza, Mola wako kakufanyaje? Akajibu kwamba amesamehewa kwa sababu ya kuhama kwake, lakini ameambiwa hatutatengeneza ulichokiharibu mwenyewe. Tufayl akamsimulia Mtume. Mtume hakutoa hotuba. Aliomba: ewe Mola, na mikono yake pia, isamehe.

Mzee Katekista umeniwahi kwenye chai. Hapa Pangani kazi hiyo inafanywa na baraza za kahawa, kwa wanaume. Wanawake sijui wanakaa wapi na haya mambo yao, na hilo linanisumbua.

WakiliWaKisumu

Poleni sana. Swali la tatu ni langu.

Mama mdogo aliogopa kwa sababu kisheria alikuwa na haki ya kuogopa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 217, inasema anayejaribu kujiua ana kosa. Polisi wakiuliza "aliwahi kujaribu?", mke anasikia "mlificha mhalifu?". Uganda nayo iliwekewa kifungu cha aina hiyo, na sisi Kenya tulikuwa na cha 226, hadi miaka miwili jela. Vyote vilikuja na Mwingereza. Kinachonichekesha kwa uchungu ni tarehe: Uingereza yenyewe ilifuta kosa hilo tarehe 3 Agosti 1961. Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba mwaka huohuo. Mwenye nguo aliivua miezi minne kabla ya kutuaga, sisi tukaendelea kuivaa.

Kwetu, tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kifungu cha 226 kinakiuka Katiba. Kesi ilipelekwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Hoja ilikuwa kwamba kinambagua mtu kwa sababu ya afya yake, kinamvunjia heshima, na kinamzuia kutafuta tiba. Nimewahi kumtetea kijana aliyeletwa kizimbani bado ana bendeji ya hospitali. Hakimu alimuuliza kama anakubali kosa. Kijana akasema samahani, sikujua kwamba nitaamka.

NesiWaZamu

Huo mstari wa mwisho wa wakili nimeusikia wodini kwa maneno mengine.

Naongezea jambo la hospitali. Mgonjwa wa hivi akifika, mara nyingi ndugu wanaulizwa PF3, ile fomu ya polisi ya kumruhusu majeruhi atibiwe. Basi wanatunga: aliteleza, alikosea dawa, hakuona kopo. Sisi tunajua, nao wanajua kwamba tunajua. Faili linaandikwa "ajali", anatibiwa mwili, anaruhusiwa, na hakuna anayempeleka kwa mtaalamu wa afya ya akili kwa sababu kwenye karatasi hana tatizo la akili. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa baba yako mdogo mwaka juzi. Aliyewahi kujaribu ndiye wa kukaa naye karibu kuliko wote, na ndiye tunayemficha.

Jembe, unataka kinachozuia? Sri Lanka ilipiga marufuku viuatilifu vikali zaidi kwa awamu, miaka ya 1980 na 1990, na vifo vya kujiua vikashuka kwa zaidi ya nusu. Hawakubadilisha mahali pa makaburi. Saa ile mbaya huwa inapita, kama hakuna cha kumalizia karibu. Na kumuuliza mtu waziwazi, "unafikiria kujiua?", hakumtii wazo kichwani. Wengi wanashusha pumzi. Uliza, kaa naye usimwache peke yake, weka mbali na mkono wake chochote cha hatari, mpeleke hospitali yoyote iliyo karibu useme ukweli mlangoni. Walioko Kenya wana 1199 ya Msalaba Mwekundu, bure, na wana Befrienders Kenya. Kama yuko mtu anasoma uzi huu na maneno haya yanamhusu yeye, leo hii amwambie mtu mmoja, hata kama ni jirani asiyempenda sana.

Jembe_Butu

Kwa hiyo tuwapigie na makofi? Mimi sisemi watu wateswe. Nasema kitu kikubwa kama hicho hakiwezi kuzikwa kama malaria.

KatekistaMstaafu

Jembe, hapo tumekaribiana kuliko unavyodhani. Mimi pia sipendi misa ya namna hii igeuzwe sifa, padri aseme marehemu "ameamua kupumzika". Hiyo nayo ni hatari, kwa yule wa benchi la nyuma. Lisemwe kwamba ni msiba mkubwa, kwamba alikuwa anaumwa na hatukuona, halafu aombewe kwa jina lake. Paulo gerezani Filipi alipomwona mlinzi ameshachomoa upanga wake hakumkumbusha Jehanamu. Alipaza sauti asijidhuru, akamwambia wote bado wapo. Hilo ni Matendo 16:28.

DadaWaNyakato

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nimemsomea mama mdogo uzi wote, pale kwa mikono ya yule Sahaba akaniambia nirudie. Anauliza vitu viwili. Anaweza kuombewa misa ya arobaini kanisani? Na kaburi lihamishwe?

KatekistaMstaafu

Marahaba binti. Kaburi msilihamishe, mtaingia kwenye vibali vya halmashauri na ugomvi mpya wa ukoo. Ondoeni katani, panueni njia, jengeeni vizuri, na atakayefuata kufa katika ukoo mumzike pembeni yake. Hapo safu itakuwa imehamia kwake. Kama ni mimi, basi nimeshajitolea, ingawa ni mbali na nauli ya meli imepanda.

Misa: asiende kwa mwenyekiti. Aende kwa paroko mwenyewe, siku ya kawaida baada ya misa ya asubuhi, na wewe uende naye. Mseme alivyokufa, msiseme presha. Kanuni ya 1184 inasema penye shaka aulizwe askofu, kwa hiyo paroko akisita mwombeni kwa heshima aandike barua kwa askofu. Nadhani hatasita. Kisha muandikishe nia ya misa kwa jina lake kamili la ubatizo, lisomwe kwa sauti, na mumwombe kiongozi wa kwaya aache nafasi ya besi aimbe mwanawe mkubwa kama anaweza.

Watoto waambieni kabla shule haijafunguliwa. Wakichelewa, wataambiwa na watoto wa majirani.